Mvua juu ya bati: jinsi mwanga wa joto unavyotengenezwa na kuendeshwa maabarani

Mwaka 2007 kundi la Marco Bellini, mjini Florence nchini Italia, lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani msimuliaji amechanganya mambo. Walichukua mwanga hafifu sana, wakatoa fotoni moja, yaani punje moja ndogo kabisa ya mwanga, kisha wakapima kilichobaki. Kwa akili ya kawaida, ukitoa embe moja kikapuni maembe yanapungua. Hapa wastani wa fotoni zilizobaki ulipanda. Nadharia inasema unapanda maradufu kamili: kama ulikuwa na wastani wa fotoni moja, ukishatoa moja unabaki na wastani wa mbili.

Mwanga wenyewe haukuwa wa ajabu. Ulikuwa na tabia zilezile za mwanga wa jua, wa koroboi, wa balbu ya waya na wa kaa la moto jikoni, yaani mwanga wa joto. Ila haukutoka kwenye kitu chochote cha moto. Ulitoka kwenye leza iliyopitishwa katika kipande cha kioo kilichokwaruzwa, kinachozungushwa na mota. Sasa mtu mwenye jua dirishani anunue leza ya nini, tena aiharibu, ili apate mwanga unaofanana na wa jua? Ukilijibu hilo, na fumbo la embe linafunguka.

Mvua ya namna mbili

Aliyewahi kulala chini ya bati anajua kuwa mvua si moja. Kuna rasharasha inayoshuka kwa mwendo mmoja usiku kucha: matone hayana mpangilio, huwezi kusema lijalo litapiga lini, lakini nguvu ya mvua haibadiliki. Na kuna mvua ya upepo, inayokuja kwa mikupuo. Inapiga kwa kishindo, inatulia mpaka unadhani imekatika, kisha inarudi. Asubuhi ndoo zilizokinga mvua hizo mbili zinaweza kuwa zimejaa sawasawa, na aliyepima ndoo haoni tofauti yoyote. Aliyesikiliza bati ndiye anayeijua.

Ukipunguza mwanga mpaka uwe hafifu mno, ukauelekeza kwenye kihisi kinachogundua fotoni mojamoja, nao unasikika kama bati: tik, tik-tik, kimya, tik. Leza ni rasharasha. Mwanga wa joto ni mvua ya upepo. Macho na kamera za kawaida zinapima ndoo.

Tuweke tarakimu. Chukua mwanga unaotoa milio 100,000 kwa sekunde, ukate sekunde hiyo vipande 100,000 vya muda, kila kimoja mikrosekunde 10. Wastani ni mlio mmoja kwa kipande, na wastani huo ni uleule kwa leza na kwa mwanga wa joto. Hesabu sasa vipande kwa idadi ya milio iliyomo. Kwa leza utapata takribani vipande 36,800 vitupu, vingine 36,800 vyenye mlio mmoja, 18,400 vyenye miwili na 6,100 vyenye mitatu. Kwa mwanga wa joto, alimradi mikupuo yake ni mirefu kuliko vipande vyako, vitupu ni kama 50,000, vyenye mlio mmoja 25,000, vyenye miwili 12,500, vyenye mitatu 6,250, na kuendelea hivyo kwa nusu ya nusu. Mkia huo ni mrefu: vipande vyenye milio minane au tisa, ambavyo kwa leza ni bahati nasibu, hapa vinaonekana mara kwa mara.

Kuna jambo moja katika hesabu hizo ambalo mimi binafsi lilinichukua muda kulikubali. Katika mwanga wa joto wa namna hii, idadi inayotokea mara nyingi kuliko zote ni sifuri, hata uongeze ukali kiasi gani. Pandisha wastani ufike fotoni 10 kwa kipande: leza itakuonyesha kipande kitupu kama mara 5 hivi katika vipande 100,000, lakini mwanga wa joto utakuonyesha kitupu kimoja katika kila 11. Utulivu kati ya mikupuo haukwepeki.

Wanafizikia wana kipimo kimoja cha haraka cha tabia hii, huandikwa g2. Kinauliza hivi: ukisikia tone sasa hivi, uwezekano wa kusikia jingine papo hapo umekuwa mara ngapi ya kawaida? Kwa rasharasha jibu ni 1, kwani tone moja halikuambii lolote kuhusu lijalo. Kwa mwanga wa joto jibu ni 2. Tone lenyewe ni dalili kwamba pengine upo katikati ya mkupuo, na ndani ya mkupuo matone ni mengi. Kipo pia kisichofanana na mvua yoyote: atomu moja iliyotoa fotoni inahitaji muda kabla ya kutoa nyingine, hivyo kwake jibu ni 0. Jeff Kimble, Mario Dagenais na Leonard Mandel walilionyesha hilo mwaka 1977, na hilo ndilo lisilowezekana kuelezwa kwa mawimbi peke yake.

Upepo unatoka wapi

Kitu cha moto kina atomu nyingi mno, na kila moja inatoa mawimbi yake bila kushauriana na jirani. Mahali kihisi kilipo, mawimbi hayo yote yanajumlishwa. Mvuvi ameona jambo hili baharini, pale mawimbi yanapokutana kutoka pande nyingi: mara vilele vinapandana na maji yanainuka ghafla, mara kilele kinaangukia bonde na maji yanalala. Kwa kuwa atomu ni nyingi na kila moja ina saa yake, jumla inapanda na kushuka bila mpangilio. Kupanda na kushuka huko ndiko upepo wetu.

Mkupuo mmoja unadumu kwa muda gani? Hilo linategemea mchanganyiko wa rangi. Mawimbi ya rangi zinazokaribiana sana yanachukua muda mrefu kabla ya kuachana; ya rangi nyingi yanaachana mara moja. Muda huo huitwa muda wa mshikamano, na mwanga wa jua, wenye rangi zote za upinde wa mvua, una muda wa mshikamano wa femtosekunde tatu hivi. Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni ya bilioni.

Kihisi kizuri cha fotoni kinakosea saa ya mlio kwa makumi au mamia ya pikosekunde, na pikosekunde moja ni femtosekunde elfu. Tuseme 300. Katika muda huo mikupuo 100,000 ya jua imeshapita, na kihisi kimeichanganya yote kuwa mlio wa wastani. Kanuni ni nyepesi: ukichanganya mikupuo M isiyohusiana, g2 inashuka kutoka 2 hadi 1 na sehemu moja ya M, yaani 1 + 1/M. Kwa M ya 100,000 utapata 1.00001. Jua linavuma kwa nguvu zote na kwenye chombo chako linasikika rasharasha tupu.

Unaweza kuchuja rangi. Chujio linaloacha ukanda wa nanomita moja tu ya urefu wa wimbi katika kijani linarefusha mkupuo hadi pikosekunde moja, bado haitoshi. Ukichuja zaidi unakutana na kikwazo cha pili, nacho hakitokani na ubovu wa vifaa. Kwenye uso wa jua lenyewe, wenye joto la kelvini 5,800 hivi, fomula ya Planck, inayohesabu mwanga wa kitu cha moto, inatoa wastani wa fotoni 0.007 kwa kila mkupuo wa mwanga wa kijani. Unahitaji mikupuo kama 145 ili upate fotoni moja, na kuandamana, yaani fotoni kufika kwa pamoja, ni habari ya fotoni mbili ndani ya mkupuo mmoja. Hakuna lenzi itakayoongeza kiwango hicho. Lenzi inakusanya mikupuo mingi zaidi, haiwezi kuufanya mmoja uwe mnene.

Kundi la Christian Kurtsiefer nchini Singapore lilifanikiwa kuona fotoni za jua zikiandamana moja kwa moja, likachapisha mwaka 2014. Walilazimika kuuchuja mwanga kwa ukali mkubwa mpaka mkupuo ukafika sehemu ya nanosekunde, ambayo ni pikosekunde elfu. Kazi ya kuheshimika, ila si chanzo ambacho ungependa kukitumia kila siku.

Ugomvi wa 1956

Kabla ya leza kuwapo, Robert Hanbury Brown, mhandisi aliyetokea kwenye rada na darubini za redio, alishirikiana na mwanahisabati Richard Twiss kutafuta mikupuo hiyo katika mwanga. Waliuchukua mwanga wa taa ya zebaki, wakaugawa kwa kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, wakaweka kihisi kila upande. Wakaona kwamba vihisi viwili vinapanda na kushuka pamoja. Kisha, wakiwa Jodrell Bank nchini Uingereza, wakaelekeza vioo viwili vya taa za kumulika ndege za kivita kwenye nyota Sirius. Mikupuo inafanana vihisi vikiwa karibu na inaacha kufanana vikitenganishwa, na umbali wa kuachana unakupa upana wa nyota. Walipata upana ambao ni kama wa sarafu ya sentimita 2.5 inayotazamwa kutoka karibu kilomita 800.

Wengi walikataa. Fotoni, walisema, ni kitu kimoja kisichogawanyika. Zitajuaje kwenda mbilimbili? Eric Brannen na Harry Ferguson huko Kanada walifanya jaribio lao, hawakuona kitu, wakaandika kwamba kama kuandamana huko kungekuwa kweli ingebidi misingi ya fizikia ya kwanta irekebishwe. Edward Purcell wa Marekani akajibu kwamba kwanta haina shida yoyote na jambo hilo, tena ndiyo inayolitarajia. Hanbury Brown na Twiss nao wakapiga hesabu ya vifaa vya wapinzani wao: kwa taa ile na vihisi vile, Wakanada wangehitaji miaka 1,000 ya kupima ili waone chochote. Jaribio jingine la awali, la Budapest nchini Hungaria, ambalo nalo halikuona kitu, lingehitaji miaka bilioni 100.

Ugomvi huo ulizaa mambo mawili. Huko Narrabri, Australia, vilijengwa vioo viwili vya mita 6.5 juu ya reli ya mviringo, vilivyopima upana wa nyota 32. Na Roy Glauber, mwaka 1963, akaandika nadharia kamili ya jinsi ya kuhesabu fotoni za kila aina ya mwanga, iliyompa Nobeli mwaka 2005.

Kioo kinachozunguka

Leza zilipofika, Wajerumani Werner Martienssen na Eberhard Spiller walifanya jambo la kijanja. Kama tatizo ni upepo wenye kasi kuliko masikio yetu, tutengeneze upepo wa polepole. Mwaka 1964 walieleza jinsi ya kumulika kwa leza kioo kilichokwaruzwa, cha namna inayowekwa madirisha ya bafuni ili mtu asionekane, huku kioo kikizunguka. Mwaka uliofuata Tito Arecchi, kule Milano, akahesabu fotoni za mwanga huo na kukuta ule mgawanyo wa nusu ya nusu.

Sehemu ya jaribio hili unaweza kuiona nyumbani. Chukua kile kileza cha kuonyeshea, umulike ukuta wa chokaa chumbani kukiwa na giza, na usikielekeze kabisa kwenye jicho la mtu. Tazama doa la mwanga ukutani. Si laini. Limejaa chembechembe angavu na nyeusi, na ukisogeza kichwa zinatembea. Hayo ni madoadoa ya leza. Kila kinundu cha chokaa kinarudisha wimbi lake, yanajumlishwa njiani kuelekea kwenye jicho lako, na sehemu nyingine yanajengana, nyingine yanafutana. Ni kilekile cha atomu za jua, isipokuwa hapa vinundu havisogei, ndiyo maana umeweza kuyaona madoadoa. Mkupuo umesimama ukutani ukisubiri utazamwe. Ukiangalia vizuri utaona pia kwamba weusi ni mwingi kuliko weupe, na hapo umeiona ile sifuri inayotokea mara nyingi kuliko idadi zote.

Maabarani, mahali pa ukuta pana kioo kinachopitisha mwanga na mahali pa jicho pana tundu dogo. Kioo kikizunguka, madoadoa yanapita mbele ya tundu. Doa angavu likipita, mvua inapiga. Jeusi likipita, kimya.

Sasa uendeshaji, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa sababu vitasa ni vichache na vinavutana. Tuseme leza ni nyekundu ya gesi ya heli na neoni, nanomita 633, miliwati moja. Hiyo inabeba fotoni kama milioni bilioni 3.2 kwa sekunde, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipunguza kwa vichujio vyeusi hadi ile laki moja yetu. Lenzi inakusanya mwanga kwenye kioo uwe doa la milimita 0.1, sentimita 4 kutoka kitovu, na kioo kinazunguka mara moja kwa sekunde. Hapo kioo kinapita chini ya doa kwa sentimita 25 kwa sekunde, na sura ya vinundu vilivyomulikwa inabadilika yote baada ya milisekunde 0.4 hivi. Huo ndio mkupuo wako. Ni mrefu kuliko wa jua kwa mara bilioni mia na zaidi, na ndani yake vinaingia vipande 40 vya mikrosekunde 10. Kihisi kisicho cha gharama kinausikia wazi.

Unataka upepo wa haraka zaidi? Ongeza mwendo wa mota. Kwa mizunguko 100 kwa sekunde mkupuo unashuka hadi mikrosekunde 4. Au bana doa liwe dogo, maana dogo linapitwa upesi. Lakini doa kwenye kioo ndilo linaloamua pia ukubwa wa madoadoa upande wa pili: kwa doa la milimita 0.1, chembe moja ya madoadoa hayo ikifika mita moja mbele ina upana wa milimita 6 hivi; doa likiwa milimita 1, chembe inakuwa milimita 0.6. Doa likikua, madoadoa yanakuwa madogo na upepo unachelewa, vyote kwa pamoja. Na huwezi kubana doa upendavyo. Likiwa dogo kiasi cha kugusa vinundu vitatu vinne tu, hakuna tena umati wa mawimbi wa kujumlishwa, na unachopata si mwanga wa joto. Doa linatakiwa limulike vinundu mia hivi au zaidi.

Tundu la mbele ya kihisi nalo lina neno. Likiwa dogo kuliko chembe moja, unasikia mkupuo mmoja na g2 inakaribia 2. Likimeza chembe nne kwa wakati mmoja, zinapoozana na g2 inashuka kuelekea 1.25. Wapo wanaolalamikia hilo, lakini kwa jicho la mwendeshaji ni kitasa kingine: ukihitaji mwanga ulio katikati ya leza na jua, panua tundu taratibu mpaka ufike unapotaka. Hali kadhalika mwanga ukiwa na pande mbili za mtetemo zisizohusiana, mmoja ukitikisika wima na mwingine ulalo, g2 ni 1.5 hata kama tundu ni dogo, kwa hiyo kichujio cha upande mmoja kinawekwa kabla ya kihisi.

Kwenda juu ya 2 pia inawezekana. Weka kioo cha pili kinachozunguka baada ya cha kwanza, tundu likiwa katikati yao ili kipite chembe moja tu. Sasa upepo unapuliza juu ya upepo, na g2 inafika 4.

Mitego

Kioo kikizunguka mara moja kwa sekunde, baada ya sekunde moja vinundu vilevile vinarudi, na mikupuo ileile inajirudia kwa mpangilio uleule. Ukilinganisha milio iliyoachana kwa sekunde moja utakuta inaandamana, na jua halifanyi hivyo. Dawa ni kumaliza kipimo kabla ya mzunguko kutimia, au kusogeza kioo pembeni taratibu kinapozunguka.

Kioo kisichokwaruzwa vya kutosha kinaacha sehemu ya leza ipite moja kwa moja, na hiyo ni rasharasha iliyochanganyika na mvua yako. G2 inagoma kwenye 1.7 au 1.8 na unaweza kulaumu tundu wiki nzima. Vihisi navyo vina tabia mbili mbaya. Baada ya mlio vinakuwa viziwi kwa makumi ya nanosekunde, kisha mara nyingine vinalia vyenyewe kama mwangwi wa mlio uliopita, jambo linaloonekana sawa kabisa na kuandamana. Ndiyo sababu hata leo watu wanarudi kwenye mpango wa mwaka 1956, mwanga unagawanywa kwenda kwa vihisi viwili, na kinacholinganishwa ni mlio wa huku na mlio wa kule. Na zimeni taa za dari: umeme wa marudio 50 kwa sekunde unafanya taa nyingi zipepese mara 100, na mwanga huo ukipenya kwenye kisanduku cha kihisi unaleta upepo wake.

Bandia kwa nani?

Jina linalotumika sana ni mwanga bandia wa joto. Naona linakionea kioo. Ukikaa mbele ya tundu na kuhesabu fotoni, hakuna hesabu itakayokuambia kama upande wa pili kuna gesi inayowaka au kioo na mota, alimradi hujangoja mzunguko urudi. Mwanga wa joto wenye mkupuo mmoja unaelezwa kwa wastani wake tu, basi. Tofauti ipo kwa anayejua. Mwenye ramani ya vinundu vyote vya kioo angeweza kutabiri kila mkupuo. Kwa atomu za jua hakuna mwenye ramani.

Tofauti hiyo ya ujuzi ilionekana wazi kwenye upigaji picha wa kivuli. Mwaka 1995 kundi la Yanhua Shih, Maryland, lilionyesha picha inayopatikana kwa fotoni pacha zenye uhusiano wa kikwanta. Fotoni moja ilipita kwenye umbo lililokatwa, ikaingia kwenye kihisi kisichojua imepita wapi, na pacha wake ambaye hajakutana na umbo lile akapimwa mahali alipoangukia. Ukilinganisha milio ya pande mbili, umbo linajitokeza. Iliaminika kwamba pacha ni lazima. Lakini kufikia 2005 picha hizo zilipatikana kwa leza na kioo kinachozunguka: madoadoa yaleyale yanagawanywa njia mbili, moja inapita kwenye umbo, nyingine inaingia kwenye kamera. Wakati wowote kihisi cha upande wa umbo kinapolia sana, chukua sura ya madoadoa iliyoonwa na kamera, uijumlishe. Umbo linatoka, ingawa limefifia, kwa sababu kuandamana kwa 2 juu ya msingi wa 1 hakuwezi kutoa utofauti unaozidi theluthi moja.

Mwaka 2008 Jeffrey Shapiro akapendekeza kuacha kamera kabisa. Badala ya kioo weka skrini inayoendeshwa na kompyuta, yenye nukta zinazopinda mwanga kama inavyotakiwa, na kompyuta ichague madoadoa. Kwa kihisi ni mvua ya upepo. Kwa kompyuta hakuna bahati nasibu yoyote, inajua kila sura iliyotuma. Leo skrini hizo, pamoja na vioo vidogovidogo vya aina iliyomo ndani ya projekta, zimechukua nafasi ya mota katika maabara nyingi zinazotaka kuchonga upepo kwa umbo maalumu, ingawa kwa bei na urahisi kioo cha bafuni bado hakijapata mpinzani.

Kurudi Florence

Sasa embe. Kutoa fotoni moja maabarani hakufanywi kwa mkono. Unaweka kioo kinachopotosha sehemu ndogo sana ya mwanga kwenda kwenye kihisi cha pembeni, na unasubiri. Mara nyingi hakuna kitu. Kihisi kikilia, unajua fotoni moja imetoka, na hapo ndipo unapima iliyobaki. Lakini kihisi hicho kinalia lini? Kinalia zaidi wakati wa mkupuo. Kwa kungoja mlio umejichagulia nyakati ambazo mvua ilikuwa kubwa, na ndani ya nyakati hizo, hata ukiondoa tone moja, yaliyobaki ni mengi kuliko wastani wa usiku mzima. Kiasi cha kuongezeka ni g2 yenyewe: leza, yenye 1, haiongezeki wala kupungua, mwanga wa joto, wenye 2, unakuwa maradufu, wa atomu moja, wenye 0, unabaki mtupu, na huyo peke yake ndiye anayefanana na kikapu cha maembe.

Kundi la Florence halikuishia kwenye kutoa. Lilikuwa pia na njia ya kuongeza fotoni moja kwa msaada wa kioo-fuwele kinachozaa pacha, na lilitaka kuona kama mpangilio una maana: kuongeza kwanza kisha kutoa, au kutoa kwanza kisha kuongeza. Hapo mwanga wa joto ulifaa kuliko mwanga wenye idadi maalumu ya fotoni, kwa kuwa umebeba idadi zote kwa pamoja, na sifuri ikiwa kubwa kuliko zote. Fuata sifuri hiyo, wastani ukiwa fotoni moja. Ukianza kwa kutoa, vipande vitupu vimeshaachwa nje kwani havina cha kutoa, na baada ya kuongeza kila kipande kina walau fotoni moja: uwezekano wa kukuta kitupu ni sifuri. Ukianza kwa kuongeza, hata kipande kitupu kinapata moja, na hiyo inaweza kutolewa tena. Uwezekano wa kukuta kitupu mwishoni ni 1 kati ya 12.